Kizingiti Kilichobaki Nje ya Geti

Mgeni rasmi, viongozi ulioongozana nao, majirani na jamaa zetu,

Kitendawili. Wenzangu hapa nyuma wameshasema "tega", wamenizoea. Basi nakutegea wewe: Nabisha hodi kwangu, na wenye nyumba wote tuko nje.

Usijibu sasa. Ukishindwa, desturi unaijua, anayeshindwa hutoa mji. Lakini usihofu. Mji mzima hatuutaki, mitaro yake peke yake ingetumaliza.

KARIBU

Karibu sana. Wewe ni mgeni rasmi wa ngapi hapa, hatukumbuki vizuri, na tunaomba usione vibaya. Kila aliyekuja tulimpenda. Kila aliyekuja alisema amesikia, kisha akahamishwa. Mimi ninayesoma ni bibi wa kikundi. Shule yangu iliishia ya msingi, ila wenzangu wanasema sauti yangu inafika nyuma hata kipaza sauti kikizima, na chetu huzima.

TULIKOTOKA

Sisi ni wachora bustani na watu wa historia. Mtaa wetu wa zamani ulibomolewa kupisha barabara pana, tukatawanyika kila mtu na godoro lake. Wawili kati yetu walikataa usahaulike. Wa kwanza ni mchora bustani, huyo aliyeweka kofia magotini. Tunamwita Fundi Kamba, kwa kuwa hagusi karatasi kabla hajatandaza kamba chini. Wa pili ni mwalimu mstaafu wa historia. Yeye tunamwita Ilikuwaje, maana hilo ndilo neno lake la kwanza popote aingiapo, hata msibani.

Ilikuwaje alipita kwa wazee akiuliza nyumba ya nani ilikuwa wapi, nani alipakana na nani. Fundi Kamba akayachukua majibu yale akayalaza hapa, kwenye kiwanja kilichokuwa jalala. Mtaa wote umo, kwa kipimo kidogo. Kila tuta ni nyumba. Kila njia ni kichochoro. Mfereji ule ni kijito ambacho sasa kinapita chini ya lami. Na mbele ya kila tuta kuna jiwe la kizingiti lililotoka kwenye nyumba yenyewe.

Usidhani walipatana, mgeni rasmi. Tuliwasikia wenyewe.

"Njia hii ipinde kidogo, ipendeze," alisema Fundi Kamba.

"Haikupinda."

"Watu watachoka kuitazama."

"Sisi tulichoka kuipita na ndoo kichwani, na haikupinda."

Njia unaiona, imenyooka. Lakini Fundi amepanda pembeni yake maua yanayotambaa, nayo yanapinda yatakavyo.

MAFANIKIO

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikuwa tukiifungua kazi yetu kwa watu wote. Michoro tuliianika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Fundi aliwaonyesha watu namna ya kuchora duara kwa kigingi na uzi. Ilikuwaje alisimulia. Kisha kila mwenye jiwe alisimama kwenye kizingiti chake, na mgeni asingepita bila kubisha hodi. Ukibisha, mwenye jiwe anakukaribisha na kukueleza nyumba yake: jiko lilikaa wapi, nani alizaliwa chumba kipi, paka alipita dirisha gani. Wapo waliobisha kwa mzaha, wakaondoka wakitafuta leso.

Alikuja mama mmoja aliyezaliwa baada ya bomoabomoa. Tukamsimamisha kwenye jiwe la marehemu mama yake. Mtu akabisha hodi, naye hajui aanzie wapi. Jirani wa jiwe la pili akamnong'oneza, "Sema karibu, mwanangu. Mama yako alikuwa anaisema kabla mtu hajafika."

Akaisema. Hayo ndiyo mafanikio yetu. Vikombe hatuna.

CHANGAMOTO

Hapa kosa ni letu sote. Mbuzi walikuwa wanatumalizia matuta. Kwa mgeni rasmi mmoja aliyekutangulia tulisoma risala kama hii, tukaomba uzio. Tulishazoea kuomba na kukosa, kwa hiyo tuliomba bila kufikiri sana. Safari hiyo tukapewa. Uzio wa chuma, geti, na kufuli kubwa kama mkate. Siku ya uzinduzi tulipiga vigelegele. Shughuli ilipoisha geti likafungwa, na kwenye risala yetu hakuna mahali tulipoomba ufunguo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sisi waomba uzio hata kuingia hatukuingia.

Tangu hapo swali letu ni moja: ufunguo anao nani? Ofisi ya bustani walisema waulizeni wa ulinzi. Wa ulinzi wakasema wao hulinda, hawafungui. Ofisi ya ardhi waliniambia, "Bibi, unaonekana umechoka, kaa kwanza." Nikakaa mpaka wakafunga ofisi. Mbuzi nao wameshagundua upenyo chini ya uzio, wanaingia na kutoka. Sisi hatuna viuno hivyo.

Jumamosi bado tunakuja. Tunaibana michoro kwenye uzio kwa nje, Ilikuwaje ananyoosha fimbo katikati ya vyuma, kama watu waliokwenda kumwona mgonjwa wakaishia dirishani. Wanaokuja kusikiliza wanapungua. Na sisi tunapungua.

Halafu lipo jiwe. Ni lile ulilolikwepa uliposhuka garini. Hicho ni kizingiti cha nyumba ya Fundi Kamba. Amewalazia wenzake wote mawe yao, lake likawa halijulikani liliko, mpaka Ilikuwaje akalikuta gereji, mafundi wanalikalia wakati wa kula. Tulilisukuma kwa toroli hadi hapa, tukakuta kufuli. Halijasogea tena.

Macho ya Fundi yanafifia, na daktari amemwambia ukweli. Anataka alilaze jiwe lake kwa mkono wake akiwa bado anaiona kamba. Utasema, si geti leo li wazi? Li wazi, mgeni rasmi. Lakini jiwe halilazwi kwa haraka ya ratiba. Linapimwa, linachimbiwa, linaachwa litulie. Kisha jirani wa kushoto na wa kulia husimama kwenye mawe yao, mwenye nyumba akabisha hodi ya kwanza, wakamwitikia. Ratiba ya leo inasema ukiondoka, geti lifungwe.

MAOMBI

Zamani tuliomba mengi, mabomba, taa, vibao vya majina. Leo tuna ombi moja, maana hata kuomba kunachosha. Yeyote aliye na ufunguo auache hapa. Kama ni lazima awepo mtu wa kuulizwa, niandikeni mimi. Kwangu hakijapotea kitu isipokuwa miwani, nayo huwa kichwani.

Mungu akupe afya, akuongezee siku, na akujalie nyumba ambayo ukibisha hodi kuna anayeitika.

Ni sisi,
Wenye Vizingiti,
wachora bustani na wanahistoria wa mtaa wa zamani.

NYONGEZA

Usisimame bado, mgeni rasmi. Haya hayakupigwa chapa, nimeyaandika asubuhi hii karatasi ikiwa gotini, mwandiko mniwie radhi.

Kabla hujafika, dereva wako alitangulia kutuletea zulia. Akalifungua geti, akalitandika, akawa anaondoka kukufuata wewe. Fundi Kamba akamwendea taratibu, akapapasa mpaka akaushika mkono wake wenye ufunguo.

"Mwanangu," akamwambia, "tumeuliza kila ofisi mpaka tumechoka. Huu ufunguo anao nani?"

Dereva akatazama nyuma, kama kuna mwingine wa kujibu. Hakuwepo.

"Hauna mtu, Babu. Unakaa kwenye sanduku moja na mkasi wa kukatia utepe. Siku ya mgeni rasmi unatoka, shughuli ikiisha unarudi."

"Na sanduku liko wapi?"

"Garini kwa mgeni rasmi, Babu. Nyuma ya kiti anachokalia."