Kidevu Juu na Mashine Iliyozimwa Sauti

Wasikilizaji wapendwa, leo mnivumilie. Nina hasira, na sitaificha.

Tunamkumbuka kinyozi wetu, yule tuliyemwita Kidevu Juu. Ukikaa tu kwenye kiti chake, kabla hata ya salamu, anakuamrisha: "Kidevu juu!" Mimi mwenye upara huu alikuwa ananicheka: "Mtangazaji, umekuja kunyolewa au kupiga soga?"

Kidevu Juu aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, kupasuliwa ngiri. Ngiri tu, jamani! Akiwa kwenye usingizi wa dawa, presha yake ilishuka. Ilishuka, ikakaa huko huko chini. Presha ikishuka hivyo, damu haifiki vizuri kwenye ubongo, wala kwenye figo. Ndiyo maana kuna mashine ya kupiga kelele.

Sasa sikilizeni. Chumba kile cha upasuaji kina mazoea yake. Asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, sauti ya mashine inazimwa, eti waya ukilegea kidogo inalia ovyo. Inawakera. Basi presha ikashuka, taa nyekundu ikawaka, na hakuna aliyegeuza shingo. Muuguzi aliyekuwemo ndiye aliyemweleza binti wa Kidevu Juu, huku machozi yanamtoka.

Alirudi nyumbani, lakini hakuwa yule tunayemjua. Mkewe anasema: "Alimnyoa jirani upande mmoja, akamfuta shingo, akamwambia, 'Haya, umependeza.' Jirani akacheka. Mimi nikaingia ndani nikalia." Figo nazo zikagoma. Wiki iliyopita akafariki.

Binti alipouliza, wakubwa wa hospitali wakamjibu: ni uzee. Uzee! Mtu aliyekuwa anapitisha wembe kwenye koo zetu bila mkwaruzo? Uzee gani huo unaomkuta mtu asubuhi kwenye kitanda cha upasuaji, mchana umeshamvuruga akili? Acheni hizo!

Mama, na wewe binti yetu, poleni sana. Mungu amlaze pema. Na sisi tuliobaki tujiulize: ndugu yako akiingizwa chumba cha upasuaji, umeuliza nani anaangalia presha yake? Uliza. Wakununie, wewe uliza.

Jana binti alirudi pale na swali moja tu: "Ile sauti, siku hizi mnaiwasha?"

Akajibiwa, "Dada, inasumbua."

Inasumbua, wasikilizaji wapendwa. Na asubuhi hii, kitanda kile cha upasuaji kina mtu.