Mama Waya na Shaba Iliyovuka Mpaka

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba msikilize maisha ya mpendwa wetu kwa moyo mchangamfu, maana yeye mwenyewe hakuweza kusimulia jambo lolote bila kunyanyuka kitini.

Mpendwa wetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Mama Waya, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa shaba, akiwa mtoto wa pili kati ya watano, wa baba aliyeendesha winchi ya kuwashusha wachimbaji shimoni, na mama mshonaji ambaye cherehani yake ilisikika mtaa mzima. Alianza shule ya msingi ya mgodini mwaka 1958, na akiwa darasa la sita alimuuliza mwalimu wa jiografia shaba yetu inakwenda wapi, akajibiwa, “Nje,” akauliza tena waya wa taa za darasani umetoka wapi, akajibiwa, “Nje,” naye akasema, “Kumbe shaba imetembea kuliko sisi sote,” darasa zima likaangua kicheko, na yeye akaamriwa kukaa chini. Aliendelea na sekondari ya bweni, kisha chuo cha ufundi, akahitimu fani ya mitambo mwaka 1973, mwanamke peke yake katika darasa lake.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha serikali cha waya na sufuria, ambako alipanda ngazi hadi kuwa mkuu wa uzalishaji, na tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe hakuuficha, waya wa kiwanda hicho ulikuwa mbovu, ila ulinunuliwa kwa sababu wa nje haukuruhusiwa kuingia. Ubovu huohuo ndio uliomletea mume, fundi umeme aliyefika getini amefura kwa hasira, akasema, “Dada, waya wenu umenikatikia mara tatu kwenye nyumba moja,” akajibiwa, “Nipeleke nikauone,” wakaenda, wakauona, na tarehe 9 Desemba 1978 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, ambao wote wako mbele yenu leo.

Serikali ilipoanza kuuza viwanda vyake, yeye na wenzake watatu wakakinunua kile cha kwao, na kabla hawajakaa sawa, mwaka 1993 mipaka ikafunguliwa, bidhaa zikamiminika, waya wa nje ukajaa madukani, mzuri na wa bei nafuu, na mji ukachemka. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, aliongoza maandamano ya kudai mipaka ifungwe, na jioni hiyo, sebuleni kwa mama yao, ndugu hao wawili wakakabiliana uso kwa uso.

“Wanatumaliza, na wewe umekaa tu!” kaka akasema.

“Kaka, waya wetu mbovu, na wewe unajua.”

“Mbovu, lakini wetu!”

“Basi tuutengeneze mpaka na wao wautamani. Mlango uko wazi, kwani umeandikwa ni wa kuingilia tu?”

Kaka aliondoka bila kuaga, na hasira yake haikuwa ya bure, kwa maana mwaka huohuo dada yake alilazimika kufunga kitengo cha sufuria, akawaaga wafanyakazi wake mmoja mmoja kwa kuwashika mikono, akarudi nyumbani akajifungia chumbani, na mume wake anasema hajawahi kumsikia akilia vile, si kabla wala baada. Ndugu hao hawakusemeshana kwa muda mrefu.

Lakini Mama Waya hakuwa mtu wa kukunja mikono. Kwa kuwa ushuru wa mitambo ulikuwa umeondolewa, aliagiza mashine ya kisasa ya kuvuta shaba iwe waya, akawaleta mafundi wa kigeni wawafundishe mafundi wake, kisha akaenda kuomba shaba mgodini, ambako meneja alimcheka, akamwambia, “Mama, sisi tunauza kwa meli, hatuuzi kwa toroli.” Akamjibu, “Niuzie kwa bei ileile unayowauzia hao wa meli, sitaki hata senti ya kupunguziwa,” akarudi wiki baada ya wiki, akakaa kwenye benchi la mapokezi na chupa yake ya chai, hadi meneja akasalimu amri.

Mwaka 1997 shirika la umeme la nchi jirani liliupima waya wake, ukavutwa, ukapashwa moto, ukakunjwa, na jibu likaja kwamba umepita, tena umeupita ule wa kutoka ng’ambo! Kiwandani watu walirukaruka, mhasibu akapanda juu ya meza, mpishi akasahau sufuria motoni, na asubuhi lori la kwanza lilipokuwa likiwashwa, kaka yake akatokea getini amevaa koti lake la mikutano, akafungua mlango wa lori, akamwambia dereva, “Songa huko, na mimi nakwenda,” dada akamtazama, wakakumbatiana, honi ikapigwa mpaka barabara kuu.

Na bei ya shaba ilipoporomoka duniani mwaka 2008, mgodi ukasimamisha kazi na mji ukashika tama, kiwanda chake kikanunua shaba iliyolala kwenye maghala ya mgodi kwa bei ya chini kuliko wakati wowote, kikaongeza zamu, kikawapokea wachimbaji waliokuwa wamerudishwa nyumbani, nao wakajifunza kuvuta kile walichokuwa wakikichimba.

Figo zake zilianza kumsumbua mwaka 2021, akawa akisafishwa damu hospitalini, ambako alibishana na wauguzi kuhusu ubora wa nyaya za mashine na kuwachekesha wagonjwa wenzake, hadi Jumanne tarehe 6 Februari 2024, asubuhi, alipoaga dunia akiwa ameshikwa mkono na mume wake. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wa kiwanda na wa mgodi, na kwa namna ya pekee maofisa wa forodha, ambao leo alfajiri waliinua kizuizi kabla ya saa zao za kazi, wakawapitisha bila kuwachelewesha mafundi umeme wa nchi jirani, wanawake kwa wanaume, wale mliowaona wakishuka kwenye mabasi mawili wakiwa na ovaroli zao za kazi. Wageni wetu, tafadhali msisimame huko nyuma, njooni mbele mkae na familia, nafasi yenu ipo.

Mama Waya, umefanya kazi nzuri, pumzika sasa kwa amani.