Dada Yetu Aliyepima Umri wa Mbu
Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mbu, nami naomba mnivumilie, maana hata leo bado amenichosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akamaliza sekondari mwaka 1979 na chuo cha maabara mwaka 1982, na tarehe 3 Januari 1983 akaajiriwa katika maabara ya wadudu, ambako kwa miaka thelathini na minane alifuga mbu na kupima jinsi nta nyembamba inayofunika miili yao inavyobadilika wanavyozeeka, ili kupata kipimo cha umri wao, kwani vimelea vya malaria huhitaji siku kumi hivi kukomaa ndani ya mbu, hivyo wa kuogopwa ni mbu mzee.

Tarehe 15 Agosti 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu, baada ya kutusubirisha saa mbili nzima, eti mbu wake walikuwa wanatimiza siku ya kumi na mbili, na wanandoa hao wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2004 mkuu wake alitaka kukitangaza kipimo hicho, dada akagoma kutia sahihi kwenye ripoti, akisema nta ya mbu wa vizimbani haibadiliki sawa na ya mbu wa majumbani, akanyimwa cheo, nami nikamwambia, "Dada, tia sahihi yaishe, mbu tu hao!" akanijibu, "Basi walale chumbani kwako." Miaka miwili baadaye ikathibitika alikuwa sahihi, na hakuna aliyemwomba radhi, mimi nikiwemo.

Januari 2021 alivimba miguu, tukamsihi aende hospitali, akasema mpaka kundi lake la mwisho la mbu lifikishe siku ya ishirini na moja, likafikisha, lakini figo zake zilikuwa zimeshachoka, akafariki tarehe 22 Juni, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mdogo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliostahimili ubishi wake, majirani mliotufungulia milango, na wenzake wa maabara mliokuja na daftari zake kutuonyesha kwamba kipimo kinachotumika sasa ni kile alichokisahihisha yeye.

Haya dada, leo hakuna anayekuharakisha, pumzika kwa amani.