Kilobaiti na Kompyuta ya Megabaiti Nne

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mliokuja kwa sababu kompyuta zenu bado zimo karakanani kwake, poleni sana. Familia imenipa mimi, mjomba wa marehemu, kazi ya kuandika maisha yake. Shule niliachia darasa la tano, na nalisema mwenyewe kwa kuwa wengi wenu mngelisema nikishakaa chini. Lakini nilimjua tangu akiwa mkubwa kama kiatu, na kwa hilo hakuna hapa wa kunipiku.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1969, saa mbili asubuhi, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa dada yangu mshonaji na mumewe dereva wa lori. Alizaliwa na kilo mbili kasoro robo, mkunga akashauri tusiwe na haraka ya kumpa jina. Dada yangu alimpa jina palepale, kwa hasira. Baba yake alifariki kwa ajali ya barabarani tarehe 3 Februari 1976, na tangu hapo mtoto akawa anashinda kwangu, nilikokuwa nikitengeneza redio za mtaa mzima. Wapo waliosema nilikuwa naziharibu. Wenye wivu hawakosi.

Akiwa na miaka tisa alifungua redio yangu mwenyewe, ile kubwa ya mbao, mimi nikiwa nimetoka. Niliporudi nikakuta vipande vimepangwa mezani na redio inaimba. "Hivi ni vya nini?" nikamuuliza, mkono uko kwenye mkanda. "Hivyo ndivyo isivyovihitaji, mjomba," akanijibu. Alikuwa ametoa taa ya kioo, spika moja kati ya mbili, na nyaya ambazo hata mimi fundi sikujua kazi yake. Betri zilizokuwa zikiisha kwa wiki moja zikakaa karibu tatu. Sikumpiga. Nilitoka nikawatangazia watu kwamba nimebuni redio ya kubana matumizi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, sekondari kuanzia 1984 hadi 1987, kisha chuo cha ufundi kuanzia 1988 hadi 1990, wanaume thelathini na mmoja darasani na yeye mwanamke peke yake. Huko ndiko walikomwita Kilobaiti, kipimo kidogo cha kumbukumbu ya kompyuta, kwa ufupi wake. Yeye alilichukua jina hilo akalipaka kwa rangi nyekundu mlangoni pa karakana yake, na baadhi ya waliomcheka wakaja baadaye na mashine zao kwapani, wakipiga hodi kwa adabu.

Kuanzia 1991 alitengeneza taipureta katika ofisi ya serikali. Tarehe 1 Julai 1996 alifungua karakana: chumba kimoja, meza mbili, na dirisha linalotazama ukuta. Seremala aliyetengeneza meza hizo aliiacha moja na mguu mfupi, akaja kuurekebisha mara nne, kila mara akikosea kidogo tu. Mara ya tano marehemu akamwambia, "Kama unataka kunioa sema, mimi nina kazi." Walifunga ndoa tarehe 4 Januari 1997. Walijaliwa mabinti wawili, wa kwanza tarehe 11 Novemba 1998 na wa pili tarehe 3 Machi 2002. Ile meza bado inayumba. Nimeitingisha jana.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa kuamsha kompyuta kuukuu ambazo wengine wameshazitupa. Niieleze, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wateja. Kompyuta ikiwashwa haiwi kompyuta papo hapo. Lazima kwanza ijipakie kile wasomi wanachokiita mfumo endeshi, na mfumo huo unahitaji mahali pa kukaa, ndiyo kumbukumbu ya mashine. Kumbukumbu ikiwa ndogo ni kama chumba kimoja chenye watu tisa: hawawezi kulala wote, mmoja atoke ndipo mwingine aingie. Mafundi wengine walikuwa wanasema chumba ni kidogo, nunua nyumba. Marehemu aliuliza nani hasa ana lazima ya kulala ndani.

Mwaka 2003 zahanati yetu ilipewa kompyuta ya msaada, ya zamani, yenye megabaiti nne za kumbukumbu. Simu iliyo mfukoni mwako ina zaidi. Marehemu aliondoa kwenye mfumo picha, rangi, sauti na kipanya, na bado haukuenea. Akaukata vipande sita, kila kipande kwenye flopi yake, ile sahani bapa ya kuchomeka kwenye mashine. Kipande kikishamaliza kazi kinaondoka, kingine kinaingia. Ugumu ulikuwa flopi ya tatu. Hiyo ndiyo iliyoiamuru mashine iazime kona ya diski yake kubwa ifanye kuwa kumbukumbu, na ilibidi iingie kabla mashine haijaiomba. Ukisubiri ikuombe, imeshajaa, kioo kinabaki cheusi na unaanza upya. Marehemu alikuwa anaijua saa yake kwa sikio: mlio wa diski ulipoacha kukoroma ukaanza kama kupiga chafya, hapo hapo anaisukuma.

Katika kompyuta hiyo mlikuwa na majina ya watu wote wanaotumia dawa za kifua kikuu, kila mtu na kipimo chake na siku yake, na kila asubuhi ilichapa orodha ya siku hiyo. Daftari la zamani lilioza paa lilipovuja mwaka 2008, likatupwa. Umeme ukikatika, mashine inalala, na marehemu anakwenda kuiamsha. Alikuwa akikaa mwendo wa dakika tano kutoka zahanati. Kwa miaka minane hakukosa hata mara moja, na mimi nilijigamba kwa miaka minane.

Mwezi Septemba 2010 alianza kupungua na kushikwa na maumivu ya tumbo. Tarehe 17 Januari 2011 alipimwa katika hospitali kubwa, safari ya saa tatu kwa basi, wakakuta uvimbe kwenye utumbo. Daktari alisema bado uko peke yake, ukitolewa mapema atapona. Akapangiwa upasuaji tarehe 16 Februari, saa tatu asubuhi.

Kabla ya kuondoka alimfundisha karani wa zahanati kuiamsha mashine. Nilikuwepo.

"Umeusikia mlio?" anamuuliza.

"Nimesikia kitu, fundi."

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Kama kitu kinakwaruza kitu."

"Karani, ukisikia mke wako anakuita huwa unasikia kitu?"

"Huyo simsikii kabisa."

Tulicheka mpaka sista mkuu wa zahanati akatufukuza. Karani alijaribu mara kumi na nne, akapata tisa, tukaona inatosha. Marehemu akalazwa tarehe 14.

Tarehe 15 asubuhi umeme ulikatika, ukarudi saa nne. Karani alijaribu mara tano, kioo cheusi. Mimi nilikuwa nimekwenda pale kama mjomba wa fundi, nikamwambia anipishe, nikajaribu mara tatu kwa mbwembwe zote, cheusi. Benchi lilijaa watu wanaokohoa. Sista mkuu alisema hawezi kutoa dawa kwa kukisia, na hakukosea.

Nikapiga simu.

"Flopi ya tatu mnaiweka lini?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala.

"Ikiomba."

"Mjomba! Nilisema kabla haijaomba. Hebu weka simu karibu na mashine, nisikilize."

Nikaiweka. Karani akawasha. Tulimsikia akisema "bado, bado," halafu "nani anagongagonga vyombo huko wodini?", halafu kimya, halafu "sasa!" Alikuwa amechelewa. Tukarudia. Simu ilikuwa haileti ule mlio hata kidogo, ilileta mvumo tu.

"Siusikii, mjomba," akasema. "Wangapi wako kwenye benchi?"

"Kumi na tisa. Njoo tu, mwanangu. Kesho asubuhi utakuwa umesharudi."

Hayo ni maneno yangu. Karani hakuyasema, sista mkuu hakuyasema. Mume wake alikuwa kazini, hakujua.

Alishuka kitandani, akawaambia manesi anakwenda kununua sabuni. Alifika saa kumi kasoro robo jioni, kanga imefungwa tumboni kwa nguvu. Aliiamsha mashine mara ya kwanza. Watu wa benchi walipewa dawa, wote kumi na tisa. Kisha alikaa kwenye kiti cha karani akachapa majina yote sitini na moja, na vipimo vyao na tarehe zao za miezi mitano mbele, ili zahanati isiihitaji tena ile mashine. Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu. Ingeweza kufanywa siku yoyote ya mwezi Januari, kati ya kahawa na kahawa. Hakuna aliyeiwaza, si sisi wala yeye, kwa sababu siku zote alikuwa anakuja.

Basi la kurudi jioni lilikuwa limeshaondoka. Aliondoka na la alfajiri, likapasuka gurudumu njiani, akafika wodini saa nne na robo. Nafasi yake alikuwa amepewa mgonjwa mwingine. Nafasi iliyofuata ilikuwa tarehe 6 Aprili. Siku hiyo walimpasua, wakaangalia, wakamshona. Daktari alimwambia mumewe kwamba uvimbe hauko peke yake tena.

Alirudishwa nyumbani. Mimi nilikwenda kila siku nikakaa karibu na mlango, kama mgeni. Siku moja aliniita, nikajua ndiyo yenyewe.

"Mjomba, mbona umeacha kujisifu? Nyumba imepoa."

"Sina cha kujisifia."

"Tungeichapa ile orodha Januari," akasema. "Wajinga sote, na kiongozi wenu mimi." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Unajua kwa nini sikuichapa? Nilikuwa napenda kuitwa. Mtu akija mbio kutoka zahanati, 'fundi, fundi,' nilikuwa navaa viatu nikitabasamu."

Nilimwambia angeniambia mimi ningemwita kila siku bila sababu. Alicheka, tumbo likamuuma, akaniomba nisimchekeshe. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomchekesha.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 25 Mei 2011, saa tisa alasiri, mumewe amemshika mkono na mama yake amemshika miguu. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Mumewe alikuwa ameniuliza mara moja tu, mwezi Aprili, nje ya wodi: "Mjomba, ni wewe uliyemwambia arudi?" Nikasema ni mimi. Hakunisemesha tena mpaka juzi, alipokuja na karatasi hizi na kalamu akaniambia, "Andika wewe. Usiruke kitu." Sijaruka. Mkwe wangu seremala, na nyinyi mabinti, mkikua mtasoma kwenye kijitabu hiki nani alipiga simu. Mkitaka kuniuliza chochote, nyumba yangu mnaijua, na sitajificha.

Wale sitini na mmoja wanaendelea na dawa kwa karatasi alizozichapa. Wanne wamemaliza. Wengine naona wamekaa kule nyuma, na wana haki ya kukaa mbele. Kompyuta ya zahanati imezimwa tangu jioni ile, imefunikwa kwa kitambaa, na mpya iliyoombwa haijafika.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili wa miaka kumi na miwili na tisa, mdogo wake wa kiume, na mjomba mmoja. Ameacha pia mashine kumi na moja karakanani zenye majina ya wenyewe. Mdogo wake atazirudisha kama zilivyo.

Pumzika, Kilobaiti wetu. Leo hakuna anayekuita.