Taulo la Pili la Oiva

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao kwenye kibaraza, nje ya mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke cha jengo letu hapa mjini Varkaus. Ijumaa saa kumi na moja jioni ni zamu yetu sisi watatu. Tukitoka kwenye joto tunakaa pale na mataulo kiunoni, migongo ikifuka kwenye baridi ya Novemba, tunakunywa kahawa na kujadili tusiyoyajua. Waziri wetu ni Kalevi, dereva wa basi mstaafu asiyekosa taarifa ya habari. Daktari ni Tauno, aliyefua mashuka ya hospitali miaka thelathini, basi hakuna ugonjwa asioujua. Mimi wananiita Fundi kwa sababu ya mabomba niliyofunga enzi zangu, na siku hizi nimechoka. Magoti yamechoka, moyo nao unakunywa vidonge asubuhi na jioni.

Ijumaa hiyo tulikuta mstari umepigwa kwenye karatasi ya zamu pale mlangoni. Jina lililokatwa lilikuwa la Oiva Karppinen wa ghorofa ya tatu, anayeingia baada yetu. Alikuwa amelikata mwenyewe, kuanzia wiki ijayo. Mkewe, Sirkka, alifariki Agosti, na tangu hapo Oiva anatoka nyumbani mara mbili tu kwa wiki: Jumanne dukani, Ijumaa sauna. Ukiondoa Ijumaa, mzee anabakiwa na Jumanne.

Saa kumi na mbili kamili akapita mbele yetu, mataulo mawili mkononi kama kawaida yake. Akatikisa kichwa. Nasi tukatikisa. Ndiyo maongezi yetu naye tangu mazishi.

Tulipobaki wenyewe tukatega sikio ukutani. Zamani, zamu yao ikianza, ungesikia maji anayomwaga Oiva yanalia kwenye mawe ya moto ya jiko, halafu sauti ya Sirkka: moja tena, Oiva. Oiva akimwaga, mkewe anasikika tena: moja tena. Sasa ni kimya kitupu. Anakaa dakika saba, anatoka nywele kavu.

— Figo hizo, alisema Daktari. Mjane wa kiume figo zake hulala. Maji anayaogopa.

— Na figo za wanawake?

— Za wanawake huwa macho.

Waziri akasema tatizo ni serikali. Manispaa ingepaswa kuajiri afisa salamu, mwenye kitambulisho, agongee kila mpweke mara mbili kwa wiki, aulize hali, apige mhuri. Daktari akauliza na huyo afisa naye akiwa mpweke je? Waziri akasema basi ateuliwe msaidizi wa afisa. Tulifika hadi mkurugenzi.

Mimi sikutaka kubaki nyuma. Nikawaambia dawa ni kuvuta bomba la mvuke kutoka hapa hadi chumbani kwake, asihangaike kushuka ngazi. Nikawachorea na kona zake kwenye theluji kwa kidole cha mguu. Wakasema kona ya pili itavuja. Nikakasirika kweli, maana kona zangu hazijawahi kuvuja.

Katikati ya hayo akatokea Jalmari, yule bwana aliyehamia upande wa ngazi B wa jengo letu Jumatatu, kuangalia kama kuna zamu ya wazi. Akaona jina lililokatwa, uso ukamchangamka.

— Huyu anahama?

— Hahami, alisema Waziri. Ndiye huyo aliyeingia ndani sasa hivi.

— Nimepishana naye kwenye ngazi. Alikuwa na mataulo mawili. La pili la nani?

Daktari akachungulia kikombe chake. Waziri akatikisa chupa ya kahawa, ilikuwa imekwisha, akaitikisa tena. Miezi mitatu tumeyaona mataulo yale, na hakuna kati yetu aliyeuliza. Kwetu hapa mwenye msiba anaachwa apumzike. Tulimwacha apumzike, na kusema kweli tulijiona wema.

Nilikuwa nataka kwenda kulala. Nilishaoga, nilishakauka, mke wangu alikuwa amenikanya kuhusu joto. Nikainuka kwa tabu, nikamwambia Jalmari atafute zamu nyingine, nikafungua mlango.

Oiva alikuwa ameketi benchi la juu, mkavu kabisa, kata ya maji mkononi. Pembeni yake taulo la pili limetandazwa vizuri, pembe zake zimenyooshwa.

— Hapa pana mtu? nikauliza.

Aliliangalia lile taulo, nami nikajuta kuuliza. Kisha akalisogeza kidogo kwa upande wangu.

— Kaa.

Nikapanda, nikakaa juu ya taulo la Sirkka. Oiva akachovya kata kwenye ndoo, akaiinua, akaishikilia hewani.

— Sijui zinatosha kata ngapi, alisema. Miaka arobaini na sita yeye ndiye alikuwa anasema. Nikimwaga moja sasa, sijui nifanye nini baadaye.

— Mwaga moja, tuone.

Akamwaga. Mawe yakalia, joto likanishika masikio, na moyo wangu mchovu ukaanza kunidunda mpaka shingoni. Kule nje Daktari na Waziri walikuwa bado wanabishana, ila sasa kwa sauti ya chini. Oiva alikuwa amenigeukia, kata imejaa, anasubiri.

— Moja tena, Oiva, nikasema.