Bibi Viti, Aliyelinda Kaburi la Kifungua Mimba Wake

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Viti, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika vyumba vilivyo nyuma ya makaburi makuu ya mji. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka wa ndui, watu walipokufa hadi pa kuwazika pakakosekana. Mbele, karibu na lango, wakubwa walipandiwa miti na kujengewa ukuta wa matofali. Nyuma kulikuwa na kichaka, na huko ndiko waliko watu wetu. Mji ukakua ukayazunguka, lakini mpaka ule wa mbele na nyuma haujaguswa hadi leo.

Alisoma hadi darasa la nne, katika shule iliyotazamana na makaburi. Mwalimu aliamuru madirisha yafungwe jeneza likipita. Mama alichungulia, na fimbo alikula. Alisema maiti akipitishwa bila kutazamwa ni kama hakuishi.

Mwaka 1970 aliolewa na baba yetu, mpaka rangi wa majumba. Kifungua mimba wao, binti, alifariki kwa surua mwaka 1974, akazikwa huko nyuma. Baada ya maziko ndipo wakaambiwa kuwa kaburi lisilojengewa huchimbwa upya baada ya miaka kumi. Walipopata saruji, halmashauri ilikuwa imepiga marufuku kujenga upande wa nyuma. Usijenge, na usipojenga utachimbwa. Wa mbele hawakuguswa na sheria hiyo.

Ndipo mwaka 1983 mama akaanza kukodisha viti kwa wafiwa. Jioni alivipanga juu ya kaburi la mwanawe na kuvifunga mnyororo. Watu walimsema kwamba anafanya biashara juu ya maiti. Aliwaacha waseme, kwa kuwa penye viti hapakuchimbwa.

Msimamizi mmoja wa makaburi alimjia juu: "Mama, ondoa viti vyako. Hapa si stoo."

"Si stoo, ni kwa mwanangu. Wewe umeingiaje bila hodi?"

Wachimbaji wakacheka. Mmoja akamtania, "Bibi Viti, basi tupe kimoja tupumzike."

"Kaa chini, baba. Ardhi si ndiyo mnayoigawa?"

Mwezi Juni mwaka huu kisukari kilimvimbisha mguu, akalazwa. Alituagiza, "Viti msivihamishe. Na mimi mtanilaza na mwanangu." Binti yake wa pili alipita makaburini kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali, roho mkononi. Asubuhi moja alikuta viti vimetupwa nje ya lango, na juu ya dada yake kuna udongo mbichi na maua ya watu wengine. Hakumwambia mama. Mama alimtazama usoni akasema, "Wamechimba." Kisha akageukia ukutani. Alifariki tarehe 2 Septemba, alfajiri.

Ofisini kwa halmashauri tuliambiwa, "Makaburi yamejaa." Wiki hiyo hiyo mkubwa mmoja alizikwa mbele, chini ya miti, na magari yakaziba barabara. Kwake hayakuwa yamejaa. Waliozika juu ya dada yetu hatuwalaumu. Nao wamefiwa, nao hawakuambiwa ukweli. Tunaowalaumu wametuletea shada la maua leo asubuhi. Tumelirudisha na dereva wao.

Kwa hiyo tunamzika hapa, katika makaburi mapya, mbali na mwanawe, kinyume na alivyotuagiza. Na hapa tayari tumeonyeshwa kibao: ni marufuku kujenga.

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja na kitukuu kimoja. Ametanguliwa na kifungua mimba wake, ambaye hatujui tena mifupa yake iko wapi.

Mafundi wale pale wamekuja na saruji. Kibali hatuna na hatukuomba. Baada ya maziko atakayependa aende nyumbani, lakini sisi wanawe hatuondoki hapa mpaka zege likauke. Mungu ampumzishe mama yetu, na wanadamu wamwache apumzike.