Mhandisi Nathanael Masunga na Tuta la Sapiwi

Ndugu waombolezaji, kabla hatujamnyanyua mpendwa wetu kwa safari yake ya mwisho, familia inaomba mkae kidogo na maisha yake, kisha mtaelezwa njia tutakayopita, maana hata hiyo ameiacha na maagizo.

Mhandisi Nathanael Masunga alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 hapa Sapiwi, mtoto wa nne wa Mzee Masunga Magese na Mama Ernestina, katika boma ambalo enzi za uhai wake limekuwa Jimbo la Ziwa, likawa Mkoa wa Shinyanga, na sasa ni Mkoa wa Simiyu, bila mtu kuhama wala ng'ombe kuulizwa.

Alianza shule ya msingi hapahapa mwaka 1961, baada ya baba yake kukubali kwa shida kwamba mchungaji mmoja akipungua zizi halitaanguka, akaendelea na sekondari Mwanza, kisha akasomea uhandisi wa kilimo Morogoro na kuhitimu mwaka 1979. Mwaka huohuo aliajiriwa serikalini na kupangiwa Maswa, na tarehe 20 Juni 1981 akafunga ndoa huko Lalago na Mama Domitila, tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto watatu, Evalina, Paschal na Jenifer.

Mwaka 1984 lambo la zamani la hapa lilipasuka, kwa sababu ng'ombe walikuwa wameligeuza tuta lake kuwa barabara, kwato zikalichimba hadi mvua ikapata mlango, pamba ya bondeni ikasombwa, na kina mama wakarudi kufukua maji mchangani. Marehemu alikuja, akasimama pale palipobomoka, na tangu siku hiyo, asema Mama Domitila, nyumbani kwao kukawa na mke mmoja na tuta moja.

Alihamishiwa Bariadi mwaka 1990, na lambo jipya alilolisanifu hapa likakamilika Oktoba 1998, likiwa na bomba linalopeleka maji kwenye mbauti, yaani hori la saruji la kunyweshea, chini ya tuta, ili ng'ombe wanywe bila kupanda. Ofisi moja ilimwandikia kuuliza kwa nini mifugo inanyweshwa nje ya lambo la mifugo, naye akajibu kwamba hata waheshimiwa hunywea mezani, hawapandi juu ya tangi. Kijiji kikapitisha sheria aliyoipigania, kwamba ng'ombe akikanyaga tuta, mwenye mifugo anatoa dume, linachinjwa, watu wanakula. Wafugaji walicheka, wakasema tutaona siku itakapomgusa mwenye cheo.

Ikamgusa yeye. Tarehe 17 Julai 2004 asubuhi waliwasili ng'ombe wa mahari ya Evalina kutoka Nassa, ng'ombe waliozoea kunywa ziwani, wakaona maji, wakapanda tuta mbele ya wakwe wote. Mzee Mihayo, kamanda wa sungusungu, alimfuata pembeni, na baada ya salamu za mwangaluka nyingi kuliko zinavyohitajika asubuhi moja, akasema labda ng'ombe wageni hawahesabiki. Marehemu akajibu kwamba wameshapokelewa, basi ni wake, akaonyesha dume kubwa kuliko yote, nao wakwe wakala mahari waliyoileta, wakanyamaza kwa kuwa nyama ilikuwa nzuri. Kicheko cha wafugaji kiliishia hapo, na makundi yao hadi leo yanapita chini.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2013, akabaki anapanda nyasi kwenye tuta kama mwajiriwa mpya. Mwaka 2023 aligundulika ana maradhi ya figo, akatibiwa Bariadi na Mwanza, na kila Paschal alipokwenda kumjulia hali, aliulizwa hali ya tuta kwanza. Alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na miaka 72.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akikagua mabomba ya wodi, majirani waliolala hapa tangu msiba uingie, na wafanyakazi wenzake, pamoja na wale aliowarudishia michoro waichore upya.

Sasa njia. Kaburi liko ng'ambo ya lambo, kando ya mama yake, na njia fupi inapita juu ya tuta. Marehemu aliagiza kwamba mtu mmoja ni mpita njia, lakini jeneza na waombolezaji ni kundi. Kwa hiyo tutazunguka kwa chini, kupitia mbauti, jua likiwa kali au lisiwe kali.

Pumzika kwa amani, Mhandisi. Tuta hatutalikanyaga.